Jicho la Mtoto Mwenye Ualbino



Ukimuuliza mtu hapa kwetu Tarime na Serengeti ualbino unakaa wapi mwilini, atakugusa mkono na kusema: hapa, kwenye ngozi. Ndivyo tulivyozoea kuuona. Tunapowazungumzia ndugu zetu wenye ualbino tunazungumzia jua, kofia, mafuta ya kujikinga na saratani ya ngozi. Tunazungumzia pia usalama wao, na yote hayo yanastahili kuzungumzwa tena na tena. Lakini leo nataka tukae na jambo moja ambalo halipati nafasi ya kutosha, nalo ni jicho. Mtoto mwenye ualbino huzaliwa na jicho lililojengwa tofauti na la mwenzake. Mwenyewe hajui, maana hajawahi kuona kwa macho mengine. Mama yake huenda hajui. Na mara nyingi mwalimu wake wa darasa la kwanza hajui, na hapo ndipo mtoto anapoanza kuitwa mzito wa kuelewa.

Naomba mnivumilie kidogo niingie ndani ya jicho lenyewe, kwa sababu bila kuingia humo hatutaelewana.

Nyuma kabisa ya jicho, kwa ndani, kuna utando mwembamba unaopokea mwanga. Huo ndio retina. Nyuma ya retina kuna tabaka moja la seli nyeusi, nalo linailea retina usiku na mchana. Weusi wa tabaka hilo ni melanini, rangi ile ile iliyo kwenye ngozi na nywele zetu. Melanini hutengenezwa ndani ya seli na kimeng'enya kiitwacho tirosinasi, chenye madini ya shaba ndani yake. Tirosinasi huchukua tirosini, kijenzi kimojawapo cha protini kama zile tunazozipata kwenye maziwa, nyama na maharage, na kukigeuza hatua kwa hatua mpaka kinakuwa rangi. Maelekezo ya kukitengeneza kimeng'enya hicho yameandikwa katika jeni iitwayo TYR, iliyoko kwenye kromosomu ya 11. Jeni hiyo ikiwa na kasoro katika nakala zote mbili, ile ya baba na ile ya mama, rangi haitengenezwi ipasavyo. Huo ni ualbino wa aina ya kwanza, unaoonekana zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya.

Kwetu kisa ni kingine kidogo. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa Watanzania wenye ualbino, na ukaonyesha kwamba wengi wao jeni yao ya tirosinasi haina neno. Kasoro iko kwenye jeni nyingine, OCA2, katika kromosomu ya 15, na mara nyingi ni kasoro ile ile moja: kipande cha DNA chenye urefu wa herufi kama 2,700 kimekatika na kupotea. Kipande hicho hicho kimekutwa kimepotea kwa watu wenye ualbino huko Afrika Kusini, Zimbabwe, Kameruni, na hata kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika. Maana yake kasoro hii ni ya kale sana, ilitokea mara moja kwa babu au bibi mmoja wa zamani, na imesafiri na vizazi vyake bara zima na kuvuka bahari.

Jeni ya OCA2 inafanya nini? Inatengeneza protini inayodhibiti ukali wa asidi ndani ya vifuko vidogo ambamo melanini hutengenezewa. Tirosinasi haifanyi kazi vizuri kwenye asidi kali. Kwa hiyo mtu mwenye ualbino wa aina hii ya pili ana kimeng'enya kizima, lakini ni kama fundi hodari aliyefungiwa kwenye chumba kilichojaa moshi: ujuzi anao, kazi haifanyiki. Inafanyika kidogo tu. Ndiyo sababu wengi wa ndugu zetu hapa wana nywele za rangi ya manjano badala ya nyeupe kabisa, na wengine wana madoadoa ya kahawia usoni na mikononi.

Sasa turudi kwenye jicho. Melanini ya ndani ya jicho haipo kwa ajili ya kupamba. Mtoto akiwa bado tumboni, retina yake inajengwa ikitegemea lile tabaka jeusi. Katikati ya retina panatakiwa pajengeke kishimo kidogo kiitwacho fovea, na hapo ndipo seli za kuona vitu vidogovidogo zinaposongamana. Ndipo tunaposomea. Ndipo tunapotambulia uso wa mtu aliye ng'ambo ya barabara. Rangi inapokosekana, au inapokuwa kidogo mno, kishimo hicho hakijengeki kikamilifu. Wanasayansi wanaona kwamba chanzo chake ni upungufu wa kemikali ambayo tirosinasi huizalisha njiani kabla ya kufika kwenye rangi yenyewe.

Mishipa ya fahamu nayo hupotea njia. Kwa kawaida nyuzi zinazotoka kila jicho hugawanyika: karibu nusu huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo, na nyingine hubaki upande wake. Ubongo ukilinganisha habari za macho mawili, tunajua gari liko mbali kiasi gani na ngazi ina kina kiasi gani. Kwenye ualbino nyuzi zinazovuka ni nyingi kupita kiasi, na ulinganishaji huo unakuwa dhaifu. Mtoto wa namna hiyo akikosea kudaka mpira, au akisita kuvuka barabara kuu ya Sirari kwa kuwa hawezi kukadiria kasi ya bodaboda, msimcheke. Ubongo wake unapewa habari pungufu.

Mama mwenye mtoto mchanga huliona jambo la tatu mwenyewe. Mtoto anapofika miezi miwili au mitatu, macho yake yanaanza kuchezacheza, kulia na kushoto, hayatulii. Mama anashtuka, anadhani ni degedege, au jirani anamwambia mtoto ametupiwa kitu. Mama yangu, hiyo ni sehemu ya ualbino. Mpeleke mtoto kliniki akachunguzwe ili uwe na uhakika, lakini usimpeleke kwa mpiga ramli. Kadiri anavyokua, macho hayo mara nyingi hupunguza kucheza, na mtoto hugundua mwenyewe namna ya kuinamisha au kugeuza kichwa upande fulani ambako macho yanatulia zaidi. Ukimwona darasani amekaa na shingo upande, anatafuta pembe ya kuonea. Mwalimu akimwambia "kaa sawasawa", amemwondolea uwezo wake wa kusoma kwa dakika hiyo.

Na kuna habari njema ambayo wazazi wengi hawajaambiwa: uoni wa mtoto mwenye ualbino kwa kawaida haupungui mwaka hadi mwaka. Haelekei upofu. Alivyo ndivyo atakavyokuwa, na miaka ya mwanzo mara nyingi huboreka kidogo. Huyu ni mtoto wa kupangiwa shule, kazi na maisha marefu.

Nimetaja baba na mama, na hapa sitapita haraka, kwa sababu ndipo ndoa zinapovunjikia. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni ya OCA2. Ukiwa na nakala moja nzima, inatosha. Ngozi yako ni nyeusi, macho yako hayana neno, na hutajua kamwe kwamba umebeba ile nyingine yenye kasoro. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kumpata mtoto mwenye ualbino. Kila mimba, upya. Watoto wanne wa kwanza wanaweza wote kuzaliwa bila ualbino, na wa tano akazaliwa nao, au mambo yakawa kinyume.

Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi. Ulaya na Amerika Kaskazini ni 1 katika watu 17,000 hadi 20,000. Ukiichukua hiyo 1,400 na kuipiga kwa kanuni za urithi, unapata kwamba karibu mtu 1 katika kila 19 ni mbebaji. Nenda mnadani siku ya ng'ombe. Wakiwapo watu 400, wabebaji ni kama 20, na hakuna hata mmoja unayeweza kumnyooshea kidole. Mimi ninayesema naweza kuwa mmoja wao.

Kwetu mwanamume anaweza kuwa na nyumba mbili, tatu, hata zaidi. Tuseme mzee ni mbebaji na ana wake watatu. Mke mkubwa si mbebaji, mke mdogo si mbebaji, yule wa katikati ni mbebaji. Watoto wenye ualbino watazaliwa katika nyumba ya katikati peke yake. Mji mzima utasema tatizo ni la yule mwanamke: mbona nyumba nyingine ziko salama? Wazee watakaa, mashemeji watanong'ona, na pengine ng'ombe wa mahari wataanza kuhesabiwa. Kumbe baba alitoa nusu yake sawasawa na mama. Alitoa pia kwenye nyumba zile nyingine mbili, na takriban nusu ya watoto wake wa huko wamebeba jeni ile kimyakimya, wataipeleka kwa wajukuu. Hakuna mtoto mwenye ualbino wa aina hii aliyepata kasoro kwa mama peke yake. Nalisema hili kwa wazee wa mila kwa heshima zote, maana wao ndio wanaosikilizwa ndoa inapofikishwa barazani.

Mila ya kutooana ndani ya ukoo ni njema. Ndugu wa karibu wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba kasoro ile ile. Ila nimesema kasoro hii ni ya kale na imeenea mno, kwa hiyo Mwirege anaweza kuikuta kwa Mnyabasi, Mngoreme akaikuta kwa Msukuma. Na mtu anayesema "kwenye ukoo wetu haijawahi kutokea" anasema kweli, kwa maana jeni hiyo inaweza kupita vizazi vitano bila kujionyesha.

Tena hapa kwetu tuna nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anapooa binti ili ampatie watoto wa jina lake. Mtoto ni wa nyumba ile kwa haki zote za mila, lakini jeni zake zimetoka kwa binti na kwa mwanamume aliyemzalisha. Mtaalamu wa afya anayeuliza habari za urithi ajue hivyo, aulize kwa staha, na kwa faragha, bila kuitia nyumba ya watu aibu. Majibu ya swali hilo ni ya faili la mtoto tu.

Sipendi kulitaja hili lakini nitalitaja. Kanda yetu ya Ziwa imemwaga damu ya watu wenye ualbino. Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 70 waliouawa nchini tangu mwaka 2000, na mwezi Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Mwaka 2024 mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hivi aliibwa kwao Muleba, mkoani Kagera, akakutwa ameuawa. Mtu anayelipia kiungo cha binadamu akiamini kitamtajirisha analipia nini? Kipande cha DNA kilichopotea, herufi 2,700. Hakuna utajiri humo. Hakuna dhahabu ya Nyamongo humo wala samaki wa Ziwa.

Kwa sababu ya hofu hiyo watoto wengi walipelekwa kwenye vituo kama Buhangija pale Shinyanga, na wengine wakakulia huko mbali na mama zao. Walinusurika, nami nashukuru. Lakini bado naamini mtoto ana haki ya kulala kwao na kusoma shule ya jirani, na kijiji kinapaswa kumlinda pale pale alipozaliwa.

Kuna msikilizaji aliyewahi kuniuliza kama Wazungu wana dawa ya macho ya mtu mwenye ualbino. Jibu linatupeleka kwenye lile tabaka jeusi tena, maana humo kuna kimeng'enya kingine mashuhuri, RPE65. Kazi yake ni kurejesha vitamini A katika umbo linalotumika kuonea. Kila mwanga unapogonga retina, molekuli ya vitamini A iliyojipinda inanyooka, na baada ya hapo haifai tena mpaka ipindwe upya. RPE65 ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mtoto aliyezaliwa na jeni ya RPE65 iliyoharibika katika nakala zote mbili haoni gizani tangu uchanga, na uoni wake hupungua kadiri anavyokua. Jeni hiyo ilihusishwa na upofu wa kurithi mwaka 1997. Baadaye madaktari walifanikiwa kuwatibu mbwa waliozaliwa na kasoro hiyo, kisha watu, kwa kupandikiza jeni nzima chini ya retina ikiwa imebebwa na kirusi kisicho na madhara. Marekani iliidhinisha tiba hiyo Desemba 2017. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 425,000 kwa jicho moja, yaani kwa macho mawili kama shilingi bilioni 2.

Kwa ualbino hakuna tiba kama hiyo, na sababu kubwa mmeshaisikia: jicho linajengwa tumboni. Ukileta rangi baada ya miaka sita, fovea ilishajengwa vile ilivyojengwa. Atakayekuuzia dawa ya kuondoa ualbino, awe na koti jeupe au tunguri, anakuibia.

Na nikiwa bado kwenye vitamini A, niwaambie wazazi wote: mtoto yeyote anayejikwaa jioni, anayeshindwa kuona chungu au kiti jua likizama ilhali mchana anaona, mpelekeni kituo cha afya upesi. Mara nyingi ni upungufu wa vitamini A, nao unatibika kwa gharama ndogo sana. Matone yanayotolewa kila baada ya miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 yamewekwa kwa ajili hiyo. Akishapewa na bado haoni usiku, hapo ndipo daktari aanze kufikiria urithi. Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida ni kinyume chake: jua kali ndilo linalomtesa, kwa sababu mwanga unapenya hata kwenye duara linalozunguka mboni, lisilo na rangi ya kutosha, na kutawanyika ndani ya jicho.

Basi walimu wangu wa Tarime na Serengeti, sasa nazungumza na ninyi. Najua madarasa yenu, najua dawati moja linakaliwa na wangapi. Mambo ninayoomba hayahitaji bajeti ya halmashauri. Mtoto huyu akae mbele, katikati, na dirisha liwe nyuma yake au ubavuni, lisimwakie usoni. Mruhusu kuinuka na kuusogelea ubao wakati wowote bila kuomba ruhusa kila mara. Unapoandika, soma kwa sauti unachoandika. Mwache ashike kitabu karibu na pua. Hajiharibu macho, ndivyo anavyokuza maandishi. Mwache avae kofia ndani ya darasa. Kunakili kunamchukua muda kuliko wenzake, kwa hiyo usifute ubao kabla hajamaliza, au mpe daftari la mwenzake. Usimchape kwa mwandiko. Na mtoto wa namna hii asipewe ng'ombe wa kuchunga mchana kutwa akirudi nyumbani. Hapo nawageukia wazazi.

Wazazi, miwani. Watoto wengi wenye ualbino wana pia kasoro za kawaida za kuona mbali au karibu, na miwani huzisaidia. Haitawapa fovea, lakini tofauti kati ya kusoma mstari wa tatu na wa tano wa ubao wa kupimia macho ni tofauti ya kufaulu na kufeli. Ombeni rufaa ya macho kutoka hospitali ya wilaya. Bugando pale Mwanza na KCMC Moshi kuna wataalamu. Uliza hasa kuhusu vifaa vya uoni hafifu: lenzi ya kukuzia ya mkononi, na darubini ndogo ya jicho moja ambayo mwanafunzi hushika na kusomea ubao akiwa ameketi. Ukirudi na mafuta ya ngozi peke yake, umepata nusu ya huduma.

Musoma kuna Shule ya Msingi Mwisenge, ile Mwalimu Nyerere aliyoanzia masomo mwaka 1934, inayopokea wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu. Wapo watoto wanaoihitaji shule ya namna hiyo. Lakini wengi wa watoto wenye ualbino wanasoma maandishi ya kawaida yakikuzwa, hawahitaji nukta nundu, na wanaweza kumaliza darasa la saba kijijini kwao.

Na wakifika darasa la saba, jambo hili lisisahauliwe. Baraza la Mitihani hutoa karatasi zenye maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, na huwaongezea muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Ila ni lazima mtahiniwa aorodheshwe hivyo wakati wa usajili. Mtoto ambaye mwalimu mkuu alimwandika kama wengine atakabidhiwa karatasi ya maandishi madogo, na siku hiyo hakuna msimamizi atakayeweza kumtolea nyingine. Mzazi, nenda shuleni kabla usajili haujafungwa, umwone mwalimu mkuu mwenyewe, na uombe akuonyeshe jina la mwanao lilivyoandikwa.